Daftari la Wateja ni Amana



Ndugu zetu wasomaji, tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo limeingia katika kila nyumba yenye simu, nalo ni namna wafanyabiashara wanavyokusanya habari za wateja na kuzitumia katika matangazo yao ya mtandaoni. Sisi ni wazazi tunaoishi hapa Rukoki, nje kidogo ya mji wa Kasese, na riziki yetu inatokana na duka dogo la vitenge, hijabu, kanzu na nguo za watoto. Kwa hiyo jambo hili tunalitazama kutoka pande mbili. Sisi ni wateja kama nyinyi, na sisi pia ni wauzaji tulioshika habari za watu.

Vijana wetu wakirudi likizo huuliza: "Mbona jana nilitafuta viatu kwenye simu, na leo kila ninapofungua naviona viatu vile vile?" Wako wanaosema ni uchawi. Wako wanaosema simu inatusikiliza usiku tukilala. Jibu ni jepesi kuliko hayo, nalo lina faida kulijua, kwa sababu asiyejua kitu kinavyofanya kazi hawezi kujilinda nacho wala kukitumia kwa wema.

Mwenye duka wa zamani

Kumjua mteja si jambo jipya. Wazee wetu waliofungua maduka hapa Kasese enzi za migodi ya shaba ya Kilembe waliwajua wateja wao kwa majina. Mwenye duka alijua nani hulipwa mwisho wa mwezi, nani ana watoto wengi, nani ananunua sukari nyingi Ramadhani ikikaribia. Alikuwa na daftari la madeni, na humo mlikuwa na siri za nusu ya mtaa. Kwa daftari hilo alijua aagize nini na kiasi gani, na mteja alifaidika, maana alikuta anachokitaka.

Lakini tuangalie jambo moja. Mwenye duka yule alikujua, na wewe ulimjua. Nyumba yake uliijua. Mlikutana msikitini, sokoni na mazikoni. Lau angetangaza kwamba fulani amekopa unga, mtaa mzima ungemkalia kikao. Aibu na ujirani vilikuwa kufuli ya daftari lile.

Leo habari zetu ziko katika daftari la watu tusiowajua, nao wanatujua sana. Hapo ndipo tofauti ilipo, na mengine yote tutakayoyaeleza yanatokana na hiyo.

Habari zinakusanywaje?

Tuanze na kadi ya dukani. Mwaka 1995 maduka makubwa ya Tesco huko Uingereza yalianzisha kadi iitwayo Clubcard. Mteja akionyesha kadi anapata pointi zinazogeuka kuwa punguzo la bei, na kampuni inapata orodha ya kila alichonunua, siku gani na duka gani. Kwa njia hiyo Tesco waliweza kutuma vocha za maziwa ya watoto kwenye nyumba yenye mtoto, na za chakula cha paka kwenye nyumba yenye paka. Mfano huo umeigwa duniani kote.

Kwenye intaneti kazi hiyo hufanywa na faili dogo liitwalo kuki, lililobuniwa mwaka 1994. Unapofungua tovuti, faili hilo linaachwa kwenye kompyuta au simu yako kama alama, ili ukirudi utambulike. Makampuni ya matangazo yakaona kwamba alama hiyo inaweza kukufuata kutoka tovuti moja hadi nyingine. Ndiyo maana viatu ulivyovitazama kwenye duka la mtandaoni vinakutokea unaposoma habari za mpira. Hakuna aliyekusikiliza. Umeacha nyayo, na kuna anayelipwa kuzisoma.

Kisha kuna orodha za namba za simu. Kampuni kama Facebook inamruhusu mfanyabiashara kupakia orodha ya namba au barua pepe za wateja wake. Mtambo unazilinganisha na namba za watu walio na akaunti, na tangazo linawafikia hao. Halafu mfanyabiashara anaweza kuomba zaidi: "Nitafutieni watu wengine wanaofanana na hawa." Mtambo unatazama umri, mahali na mambo wanayoyapenda, unawakusanya watu ambao hawajawahi kukanyaga duka lake, na kuwaonyesha tangazo. Kwa hiyo mtu mmoja akitoa namba yake, habari yake inasaidia kuwakisia hata wenzake ambao hawakutoa chochote.

Na hapa kwetu Uganda kuna simu yenyewe. Tukienda Bwera na kuteremka mpaka Mpondwe kununua vitenge vinavyotoka Congo, mara nyingi simu hupokea ujumbe wa kukaribishwa na mtandao wa Congo kabla hatujavuka mpaka. Simu huzungumza na mnara inaoupata vizuri, na kwa hiyo kampuni ya simu inajua uko eneo gani. Inajua pia unanunua vocha ya shilingi ngapi, saa ngapi, na mwezi gani unaishiwa. Katika nyumba yetu simu mbili za mtandao mmoja hupewa ofa tofauti za bando siku ile ile. Bei hizo hazikupangwa kwa bahati nasibu.

Hata mikopo imejengwa juu ya habari hizo. Mwezi Agosti 2016 kampuni ya MTN na Commercial Bank of Africa walianzisha MoKash hapa Uganda, huduma ya kuweka akiba na kukopa kwa simu. Kiasi unachoruhusiwa kukopa hutokana na mwenendo wako wa kutumia simu na pesa za simu. Mtu asiyewahi kuingia benki anakuta amekwisha pimwa, kwa habari ambazo yeye mwenyewe hakujua kwamba zina kazi hiyo.

Visa viwili vya kuzingatia

Kisa cha kwanza ni cha hapa hapa Uganda. SafeBoda ni kampuni ya bodaboda iliyoanzia Kampala mwaka 2014, na wateja wake huita bodaboda kwa programu ya simu. Mwaka 2020 shirika la kutetea haki za mtandaoni liitwalo Unwanted Witness lilieleza kwamba habari za wateja wa programu hiyo zinapelekwa kwa makampuni mengine. Mamlaka ya Taifa ya Teknolojia ya Habari, yaani NITA-U, ikachunguza. Mwezi Januari 2021 ilitoa matokeo kwamba SafeBoda ilikuwa imepeleka majina, namba za simu, barua pepe na aina ya simu za wateja kwa CleverTap, kampuni ya Marekani inayosaidia biashara kuwafuatilia wateja na kuwatumia matangazo, bila ya kuwaeleza wateja vya kutosha. Kampuni ilitakiwa kurekebisha mambo yake.

Tuelewe vizuri. Hakuna aliyeibiwa pesa, na hakuna mwizi aliyevunja mlango. Kosa lilikuwa kwamba mteja alitoa namba yake ili apate bodaboda, na namba hiyo ikasafiri mpaka ng'ambo kwa kazi nyingine bila yeye kujulishwa. Ni kama kumpa jirani ufunguo akuchungie kuku, naye akampa mtu mwingine aje kupima ukubwa wa sebule yako.

Kisa cha pili kinatugusa sisi Waislamu moja kwa moja. Wengi wetu tunaijua programu ya Muslim Pro, inayoonyesha nyakati za swala na upande wa kibla. Kazi hiyo inahitaji kujua mahali ulipo, na watu waliruhusu kwa nia safi kabisa. Mwezi Novemba 2020 waandishi wa habari wa Marekani walifichua kwamba programu hiyo, iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98, ilikuwa inapeleka habari za mahali walipo watumiaji kwa kampuni iitwayo X-Mode, na kwamba X-Mode ilikuwa inauza habari za aina hiyo kwa wakandarasi, na kupitia kwao kwa jeshi la Marekani. Baada ya malalamiko, Muslim Pro walitangaza kuvunja uhusiano wao na X-Mode. Januari 2024 tume ya biashara ya Marekani iliizuia X-Mode na kampuni iliyorithi kazi zake kuuza habari za mahali nyeti, zikiwemo hospitali na nyumba za ibada.

Tunavitaja visa hivi ili tuone jambo moja: habari iliyotolewa kwa kazi njema haibaki lazima katika kazi hiyo. Ikishatoka mkononi, inafuata bei.

Faida zake tusizikatae

Haitakuwa insafu kusema kwamba kila matumizi ya habari za wateja ni dhulma. Sisi wenyewe tunafaidika nayo. Zamani tulikuwa tukipata mzigo mpya tunalipa tangazo redioni, na linasikika mpaka kwa watu wasiovaa hijabu wala hawana mpango nazo. Leo tunatumia WhatsApp. Programu yake ya wafanyabiashara inaturuhusu kuwawekea wateja alama: huyu ni wa vitenge, huyu wa nguo za watoto, huyu wa kanzu. Mzigo ukifika tunatuma ujumbe mmoja kwa walioutaka. Orodha moja inachukua watu mpaka 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yetu. Kwa kutazama maandishi ya miaka iliyopita tunajua kwamba wiki mbili kabla ya Idi saizi ndogo za kanzu huisha kwanza, na tunaziagiza mapema. Mama hafungi safari ya bure na watoto mgongoni. Hiyo ni kheri.

Tofauti ni kwamba mteja wetu anajua namba yake iko kwetu, anajua tunaitumia kwa nini, na akisema basi, inakuwa basi.

Siku orodha ilipotafutiwa bei

Mwaka juzi, muhula ulipokaribia kuanza na ada za watoto zikiwa hazijatimia, alikuja dukani kijana mmoja mwenye adabu, akasema anafanya kazi na watu wa matangazo mjini. Alikuwa amesikia kwamba tunawajua kina mama wengi. Akataka orodha: jina, namba ya simu, mtaa, na alichonunua. Zaidi alitaka walionunua nguo za watoto wachanga, kwa kuwa, alisema, mama mwenye mtoto mchanga hununua vitu vingi kwa miaka mitatu mfululizo: maziwa, nepi, sabuni, bima. Kila namba ilikuwa na bei, na ya mama mwenye mtoto mchanga ilikuwa na bei mara mbili. Tulipiga hesabu usiku ule. Zingetosha ada ya mtoto mmoja na kubaki.

Tulizungumza mpaka usiku ukawa mkubwa. Mmoja wetu alisema: "Namba si nguo. Tukiitoa, bado tunabaki nayo. Tumepunguza nini?" Swali hilo si jepesi, na watu wengi huishia hapo hapo. Lakini tulipokuwa tukiyapitia majina katika daftari, tulifika kwenye jina la mama mmoja ambaye miezi michache nyuma alinunua kwetu nguo za mtoto mchanga, nyeupe, pea tatu, na shuka la kumfunikia. Mtoto yule hakuishi wiki mbili. Tulikwenda kumzika. Baada ya arobaini mama yule alikuja dukani akakaa kwenye benchi, akasema kwa sauti ya chini: "Naomba mnifutie kwenye zile meseji za nguo za watoto. Nikiziona naumia." Tulimfuta pale pale, mbele yake.

Sasa tukajiuliza: kama jina lake lingekuwa limeuzwa, angemwendea nani? Angekaa kwenye benchi la nani? Ujumbe wa maziwa ungemfikia leo, wa nepi kesho, na mwaka ukitimia angepongezwa kwa mtoto kuanza kutembea. Mtambo unaotuma haujui kwamba kuna kaburi. Unajua tu kwamba nguo nyeupe zilinunuliwa tarehe fulani.

Hapo jibu lilipatikana. Habari ya mteja hata ukiitoa unabaki nayo, ni kweli, lakini unachopunguza ni uwezo wake wa kukuambia "acha". Asubuhi tulimwambia yule kijana hapana. Hakukasirika. Alisema maduka mengine yatakubali, na huenda alisema kweli. Ada tuliilipa kwa mafungu mawili, na mwalimu mkuu alituvumilia, Mungu amlipe.

Sheria inasemaje?

Wako wanaodhani haya ni mambo ya hisani tu. La, kuna sheria. Uganda ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha mwaka 2019, na kanuni zake zikatoka mwaka 2021. Sheria inataka anayekusanya habari zako aombe ridhaa, akueleze anazitaka kwa kazi gani, na asizipeleke kwenye kazi nyingine. Inakupa haki ya kumwandikia na kumtaka aache kutumia habari zako kwa matangazo. Habari za mtoto hazikusanywi bila ridhaa ya mzazi au mlezi, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Kampuni ikipatikana na hatia inaweza kutozwa mpaka asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka. Ipo Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi inayopokea malalamiko, na mwezi Julai 2025 ofisi hiyo iliiamuru hata Google ijisajili kwake.

Jirani zetu Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019 pia, na Septemba 2023 kamishna wa data wa huko alitoza faini tatu zilizozungumzwa sana. Shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi hadharani bila ridhaa ya wazazi. Ukumbi mmoja wa starehe ulitozwa 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila idhini yake. Kampuni moja ya mikopo ya simu ilitozwa 2,975,000 kwa kutumia namba ilizozipata kwa watu wengine kuwasumbua watu. Tazameni: shule, ukumbi na mkopeshaji. Ni wafanyabiashara wa kila siku, kama sisi.

Ushauri wetu

Kwa wafanyabiashara wenzetu tunasema:

1. Omba kabla ya kuandika. "Mama, nikuandike nikujulishe mzigo ukifika?" Sisi tulipouliza, wengi walikubali kwa furaha, na wachache walikataa. Wote waliendelea kununua.

2. Andika unachohitaji tu. Muuza vitenge hana haja na tarehe ya kuzaliwa wala namba ya kitambulisho cha taifa.

3. Funga daftari. Mara ngapi tunakwenda kutoa pesa za simu tunakuta daftari la wakala liko wazi mezani, na majina, namba na kiasi cha kila aliyetangulia vinasomeka? Litazame na lako.

4. Anayetaka kufutwa, mfute siku hiyo hiyo.

5. Usiitoe orodha kwa mtu wa tatu, kwa pesa wala kwa urafiki.

Na kwa familia na wanafunzi:

1. Programu ya tochi haina haja ya namba za watu wako. Ikiziomba, ikatalie au iondoe.

2. Ruhusa ya mahali ulipo itoe kwa wakati wa kutumia programu tu, hata kama ni programu ya dini.

3. Simu nyingi za Android zina sehemu ya faragha ambapo unaweza kufuta namba ya utambulisho wa matangazo. Kaeni na watoto mfanye pamoja, ni kazi ya dakika mbili.

4. Picha ya mtoto na sare ya shule yake si mali ya umma. Shule ikitaka kuitumia katika matangazo, ikuulize kwanza.

5. Vijana mnaosoma kompyuta na biashara, kesho nyinyi ndio mtakaojenga mitambo hii. Mtakapokuwa mezani na wakubwa wakisema "tuchukue habari zote, tutajua baadaye za nini", awepo mmoja wenu wa kuuliza: je, mwenyewe anajua?

Ndugu zetu, tumezoea kusema amana ni pesa uliyowekewa au mtoto uliyeachiwa. Katika zama hizi jina na namba ya mtu navyo ni amana, na aliyekupa alikuamini wewe, hakumwamini kila utakayempa. Biashara inayomjua mteja ni biashara nzuri, maadamu mteja naye anaijua na anaweza kuikataza.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, atuhifadhie watoto wetu, na atujaalie tuwe katika wanaotunza walichoaminiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.